Unanunua kamera iliyotumika kwa mara ya kwanza? Anza na lenzi

"Kaka, nina laki sita, nichukue kamera gani?" Hili ndilo swali ninaloulizwa kila mara na vijana wa hapa Mbeya na wa Iringa wanaotaka kuingia kwenye kazi ya picha. Wengi wanataka niwatajie jina la kamera tu, wakaitafute. Mimi huwauliza kwanza: utapiga picha wapi, na saa ngapi? Jibu la hapo ndilo linaloamua hela iende wapi, na kwa wengi wetu huku nyanda za juu kusini hela haitakiwi kuishia kwenye bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Sehemu yake nzuri iende kwenye lenzi.

Angalia kazi zinazomlisha mpiga picha anayeanza: kipaimara, ubatizo, sendofu, kicheni pati, mahafali. Ibada inaanza asubuhi, nje ukungu haujaondoka na ndani ya kanisa mwanga unapenya kwenye madirisha madogo. Sherehe nayo inaanza giza likishaingia, kwenye ukumbi wenye taa za rangi upande wa maharusi na giza upande wa wageni. Sasa, kamera nyingi zilizotumika zinauzwa pamoja na lenzi ya 18-55mm. Ukiivuta lenzi hiyo mpaka 55, tundu lake la kupitisha mwanga halifunguki zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Tuseme ukumbini shata, yaani pazia la kamera linalofunguka na kufunga, inakulazimisha uwe kwenye 1/15 ya sekunde. Bibi harusi akigeuza shingo tu, uso umefutika. Weka lenzi ya 50mm yenye f/1.8 kwenye kamera ileile, ukumbi uleule, ISO ileile (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga): mwanga unaoingia ni karibu mara 10, na shata inapanda mpaka 1/125. Hapo mtu anaweza kucheka, kugeuka, hata kulishana keki, na bado ukapata picha safi.

Kwa hiyo mgawanyo ninaoushauri ni huu. Karibu theluthi moja ya bajeti yako iwe ya lenzi ya f/1.8. Kinachobaki kinunue bodi ya zamani iliyo nzima, betri ya pili na memori kadi mbili. Mtu akikuonyesha bodi kubwa ya kifahari inayomaliza hela yote, ukabaki na lenzi ya plastiki iliyolegea, mshukuru uendelee na safari.

Kuhusu bodi sitakaa sana. Canon 600D ilitoka mwaka 2011, 700D ikafuata 2013. Upande wa Nikon kuna D3200 ya 2012 na D3300 ya 2014. Yoyote kati ya hizo inatosha kuanzia kazi. Usisumbuliwe na idadi ya megapikseli. Picha ya 600D ina megapikseli 18, yaani pikseli 5184 kwa 3456, na ukiichapa kwa ubora wa pikseli 300 kwa inchi unapata karatasi inayokaribia A3. Ni wateja wangapi wa mwanzo watakuomba kubwa kuliko hapo? Wapiga picha wengi wa harusi sasa wanahamia kwenye kamera za mirolesi, zisizo na kile kioo cha ndani, na ndiyo maana hizi za zamani zinapatikana kwa bei ambayo kijana anaweza kuifikia. Ila kama video ndiyo kazi yako kuu, jikaze ufike Canon 70D ya 2013, kwa sababu fokasi yake, yaani ule ulengaji unaofanya picha iwe safi, humfuata mtu vizuri anapotembea. 600D haiwezi kufanya hivyo kwenye video. Utaishia kuzungusha fokasi kwa mkono huku maharusi wanaingia.

Wa Nikon wasikilize hapa kwa makini. D3200, D3300 na ndugu zao wa D5000 hawana mota ya fokasi ndani ya bodi. Wanategemea mota iliyo ndani ya lenzi yenyewe. Sasa sokoni utakutana na 50mm f/1.8D, ndogo, nzuri, bei yake inavutia, na muuzaji atakuambia inaingia. Ni kweli inaingia, na picha inapiga, lakini fokasi itakuwa ya mkono siku zote. Unachotafuta ni herufi AF-S, maana lenzi hizo zina mota ndani: kuna 35mm f/1.8G ya 2009 na 50mm f/1.8G ya 2011. Nikon D7000 ina mota ndani ya bodi, hiyo inakubali zote. Wa Canon hawana shida hii. Lenzi zote za EF zina mota yake ndani. 50mm f/1.8 ziko za aina mbili zinazopatikana kirahisi: ile ya zamani yenye alama ya II, ya plastiki mpaka kwenye shingo inayofunga kwenye kamera, na ile ya STM iliyotoka 2015 yenye shingo ya chuma na fokasi tulivu. Ukipata STM kwa tofauti ndogo, ongeza. Ukikosa, ya zamani nayo inafanya kazi nzuri, ila kanisani utaisikia ikikoroma wakati mchungaji anaomba.

Jambo moja ujiandae nalo: kwenye bodi hizi ndogo 50mm inaona kwa ufinyu, sawa na 75 hadi 80mm kwenye kamera yenye sensa (kile kipande cha ndani kinachonasa picha) kubwa. Sebuleni kwa watu, familia ya watu kumi haitoshei hata ukibana mgongo ukutani. Kwa hiyo ile 18-55 usiiuze. Wape watu baraza au kivuli cha nje, weka f/8, wapange vizuri, itakufaa kabisa.

Sasa tuje kwenye kinachoziua lenzi nyingi huku kwetu: fangasi. Mvua zetu zinaanza Novemba na kwenda mpaka Aprili au zaidi, na Rungwe ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote nchini. Nguo zinakaa kambani siku nzima hazikauki. Lenzi iliyofungiwa ndani ya begi la kamera, kabatini, kipindi chote hicho, inaota. Fangasi anakaa kwenye vioo vya ndani ambavyo kitambaa hakifiki, na asidi anayoitoa inakula ile rangi nyembamba iliyopakwa juu ya kioo. Akishaila, hata fundi akifungua lenzi na kumsafisha, alama inabaki. Picha zinakuwa na weupe kama zimefunikwa na moshi, hasa mwanga ukitokea mbele.

Namna ya kumtafuta ni rahisi, na usione aibu kuifanya mbele ya muuzaji. Toa lenzi kwenye kamera, toa vifuniko vyote viwili. Washa tochi ya simu uimulike kwa nyuma, halafu angalia kwa mbele ukiinamisha lenzi taratibu huku na huku. Ifungue tundu lake kwanza; lenzi nyingi za zamani za Nikon zina kijiti kidogo nyuma unachoweza kukisukuma kwa ukucha, na za Canon zikiwa nje ya kamera kwa kawaida zinabaki wazi zenyewe. Vumbi utaliona ni vidoti vilivyotawanyika. Hilo lisikutishe, kila lenzi iliyotumika inalo na halionekani kwenye picha. Fangasi ana nyuzi. Anaanzia pembeni mwa kioo na kutambaa kuelekea katikati, amejigawa kama utando wa buibui. Ukiona nyuzi hata kidogo, rudisha lenzi kwa heshima. Dogo mmoja wa Tukuyu aliniletea lenzi aliyonunua bila kumulika, kwa nje ilikuwa inang'aa kabisa, hata sanduku lake lilikuwepo. Nilipoweka tochi tulimwona amezunguka kioo cha nyuma chote. Iliniuma, kwa sababu hela ile aliipata kwa kubeba ndizi.

Mikwaruzo nayo ina daraja zake. Mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele hauharibu picha, unakupa tu sababu ya kuomba punguzo. Mkwaruzo kwenye kioo cha nyuma, kile kinachoelekea kamera, huo ukatae.

Baada ya tochi, omba kupiga picha. Nenda na memori kadi yako mwenyewe ili picha za majaribio uondoke nazo. Kama duka liko Mwanjelwa au Kabwe hapa Mbeya, toka nje mlangoni kwenye mwanga. Piga kwa f/1.8, kisha f/8, kisha f/16. Lenzi nyingine inapiga vizuri tundu likiwa wazi, lakini ukilibana tu kamera inaandika Err 01 au inaganda. Hiyo ina tatizo la mawasiliano na bodi au tundu lenyewe, na si la kusafishwa kwa kitambaa kama utakavyoambiwa. Kwenye ile f/16, elekeza kamera kwenye wingu jeupe, fokasi iwe imepotea makusudi, piga, kisha kuza picha. Madoa meusi utakayoyaona ni vumbi la sensa. Machache yanaondoka kwa pampu ya hewa. Usipulize kwa mdomo, mate yakigusa pale umeongeza kazi. Mstari mwembamba usiohama hata baada ya kusafisha ni mkwaruzo wa sensa, achana na bodi hiyo.

Fokasi ipime kwa gazeti. Lilaze mezani, simama pembeni ili mistari ikae mshazari, weka f/1.8 na ulenge mstari mmoja wa katikati. Kuza picha uone ni mstari upi umekaa safi. Ukilenga wa katikati na kila mara ukatoka safi wa mbele yake, lenzi na bodi hiyo hazielewani. 70D ina sehemu ya kurekebisha hilo kwenye menyu, 600D na 700D hazina. Rudia mara kadhaa kabla ya kuhukumu, maana mkono nao unatikisika.

Kisha uliza kamera imepiga picha ngapi. Shata ni kifaa kinachochoka. Bodi za daraja hili kwa kawaida hukadiriwa picha 100,000 hivi, D7000 inafika 150,000. Zinaweza kuvuka hapo, zinaweza kufa kabla, lakini namba inakusaidia kwenye bei. Kwa Nikon, hesabu inaandikwa ndani ya kila picha. Chukua faili kutoka kwenye kadi moja kwa moja uifungue kwenye kompyuta yenye programu ya kusoma taarifa za picha. Usitumiwe kwa WhatsApp, taarifa hizo zinapotea njiani. Kwa Canon hizi ndogo, inabidi kuiunganisha kamera na kompyuta kwa waya. Na namba ya faili isikudanganye: ikifika 9999 inaanza upya 0001, hivyo kamera yenye picha nambari 1200 huenda imeshazunguka mara nyingi. Kama huna kompyuta, tazama kitufe cha kupigia na raba ya kushikia. Mkono wa mtu unaacha alama.

Washa pia menyu uone lugha. Kamera zilizotoka soko la Japani ziko nyingi, nzima na nzuri, lakini baadhi, hasa za Sony, zina Kijapani peke yake. Canon iliyoandikwa Kiss X5 ni 600D hiyohiyo kwa jina la huko.

Ukiniuliza ununue wapi, nitakuambia kwa mpiga picha kabla ya dukani. Mtu wa studio anayebadilisha vifaa anajua historia ya kamera yake, na kesho utamkuta palepale. Mwambie tu, "Kaka, shikamoo, mimi ndiyo naanza, naomba unisaidie hata ushauri." Wengi watakupa na mkoba juu. Kwa mtu usiyemjua, usitume hela kabla hujaishika kamera, hata akikutumia picha ya tiketi ya basi na namba ya mzigo. Mkikubaliana, andikeni hati ya mauziano: majina, namba za vitambulisho vya NIDA, namba ya kamera iliyo chini ya bodi na namba ya lenzi, shahidi mmoja, sahihi. Kamera za wizi zipo, na karatasi hiyo ndiyo itakayokutetea polisi wakija kuuliza.

Ikishakuwa yako, itoe kwenye begi ukifika nyumbani. Nunua chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, weka lenzi humo na pakiti za silika jeli, zile zenye chembe zinazobadilika rangi zikijaa unyevu, kisha uzikaushe kwa moto mdogo na kuzirudisha. Mchele usiweke, unga wake unaingia kwenye pete za lenzi. Mara moja moja, hata kama huna kazi, itoe lenzi ikae mwangani na upige picha mbili tatu.

Na siku utakayokwenda Hifadhi ya Kitulo kupiga maua, kule kwenye takriban mita 2,600, beba betri ya pili kwenye mfuko wa ndani wa koti, maana baridi inaimaliza chaji haraka. Ukishuka siku hiyohiyo mpaka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, joto la ziwani litakuta kamera bado ni ya baridi, na unyevu utatua kwenye vioo mpaka ndani. Iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa au zaidi, ipate joto taratibu, ndipo uitoe.