Kidonge Kilikuwa Sawa, Chai Ndiyo Iliyoniponza

Nilishtuka siku pete ilipogoma kuingia kidoleni. Kabla ya hapo dalili zilikuwa zimekuja moja moja, na kila moja nikaitafutia kisingizio. Kulala masaa tisa na kuamka hoi: kazi nyingi. Kuvaa sweta wakati wenzangu wanajipepea: labda homa inaninyemelea. Choo kigumu: sinywi maji. Nywele kujaa kwenye kitana: mafuta mabaya. Kusahau jina la mtu ninayeonana naye kila wiki: umri huo. Ugonjwa huu wa thairoidi kulegea hauji na kishindo, unaingia kwa kunyata.

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, chini ya kikoromeo, na umbo lake ni kama kipepeo. Inatengeneza homoni zinazoupangia mwili mwendo: mapigo ya moyo, joto, usagaji wa chakula, hata wepesi wa kufikiri. Ikilegea, vyote vinalegea nayo. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine, pituitari, inayotoa homoni ya TSH ili kuiamsha thairoidi. Thairoidi ikizembea, pituitari huzidi kupiga kelele. Kwa hiyo TSH ikiwa juu, mara nyingi maana yake thairoidi iko chini. Mimi nilipoambiwa "TSH yako imepanda sana" nilitabasamu, nikidhani nimefaulu.

Chanzo changu kilikuwa ugonjwa wa Hashimoto, ambapo kinga ya mwili inaigeuka tezi yake yenyewe. Jina hilo ni la Hakaru Hashimoto, daktari wa Japani aliyeuelezea mwaka 1912. Wapo wanaougua kwa kukosa madini joto, lakini usikimbilie kujinunulia vidonge vya madini joto au unga wa mwani kwa sababu tu umesikia "thairoidi". Kwa mwenye Hashimoto, madini joto yakizidi yanaweza kuichokoza tezi zaidi.

Nikaandikiwa levothairoksini, dawa inayojazia homoni ambayo thairoidi imeshindwa kutengeneza, mikrogramu 50. Kidonge kidogo kiasi kwamba nilikidharau. Baada ya vipimo wakanipandisha hadi 75, kisha 100, na bado TSH haikushuka inavyotakiwa. Nikaanza kulalamika kwamba dawa ni feki. Ndipo daktari mmoja akasogeza kiti na kuniambia, "Hebu nieleze asubuhi yako, tangu unapofumbua macho."

Nikamweleza. Naamka, nachemsha chai ya maziwa, nateremshia kidonge changu. Na kwa kuwa nilikuwa na upungufu wa damu, kidonge cha madini ya chuma nakimeza papo hapo, nisije nikasahau. Akaweka kalamu mezani.

"Dada, hiyo dawa unaipitisha tu. Haikai."

Chuma, na kalsiamu kama iliyomo kwenye maziwa ya chai yangu, hushikana na levothairoksini tumboni, na kinachofika kwenye damu ni kidogo. Kahawa na chakula navyo huizuia, na baadhi ya dawa za kupunguza asidi tumboni vilevile. Utaratibu alionipa ndio ninaoufuata hadi leo: kidonge kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, kisha nasubiri saa nzima kabla ya kifungua kinywa (wengine huambiwa nusu saa inatosha). Chuma na kalsiamu vikae mbali nacho kwa saa nne. Asiyeweza asubuhi anaweza kumeza wakati wa kulala, ilimradi zimepita kama saa tatu tangu alipokula. Kubwa ni kuchagua wakati mmoja na kuushikilia.

Hapo nikapata funzo la pili, na hili hakuna aliyenionya. Wiki chache baada ya kurekebisha asubuhi yangu, moyo ukaanza kunienda mbio nikiwa nimekaa tu. Usingizi ukapaa, mikono ikatetemeka nikishika kikombe. Zile mikrogramu 100 zilizokuwa zikipotea kwenye chai sasa zilikuwa zinanifikia zote! Ikabidi nirudishwe 75. Ukibadilisha namna unavyomeza, mwambie daktari wako na upimwe upya. Na usijiongezee kidonge kwa sababu umechoka au unataka kupungua mwili. Dozi ikizidi kwa muda mrefu huvuruga mapigo ya moyo na kudhoofisha mifupa.

Kuhusu uzito niseme ukweli: zitapungua kilo chache, nyingi zikiwa za maji na chumvi mwili ulizokuwa umezihodhi. Zinazobaki ni zako, pambana nazo kama watu wengine.

Subira ndiyo ngumu kuliko yote. Dawa hii huchukua takriban siku 7 ili nusu yake iondoke mwilini, kwa hiyo huingia taratibu na kutoka taratibu. Ndiyo sababu kipimo hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8 tangu dozi ibadilishwe. Mimi nilikuwa najichunguza kwenye kioo kila asubuhi, nikaishia kujipa huzuni ya bure. Bora nilipoanza kuandika kwenye daftari mara moja kwa wiki: usingizi, choo, baridi, hedhi. Choo ndicho kilichotengemaa kwanza, nywele zikawa za mwisho.

Kama unatumia vidonge vya biotini kwa ajili ya nywele au kucha, mwambie daktari kabla ya kutolewa damu, kwani vinaweza kudanganya majibu. Kwa kawaida huagizwa uviache angalau siku 2 kabla.

Na ukihisi una mimba, usingoje kliniki ya kwanza. Mtoto aliye tumboni hutegemea homoni za mama katika miezi ya mwanzo, na wengi wetu huhitaji dozi kupandishwa mapema. Piga simu siku hiyohiyo. Kidonge usikiache hata kidogo, hata kama kuna jamaa anayekwambia dawa zote ni mbaya kwa mjamzito.

Chai yangu sasa nainywa saa moja baada ya kidonge, na chuma nakimeza jioni.