Muulize Fundi: Jumamosi natoka na kundi la baiskeli kwa mara ya kwanza

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni nesi, nakaa Nkuhungu hapa Dodoma. Nina miezi mitatu toka ninunue baiskeli ya resi ya mtumba na nazungukaga mwenyewe tu asubuhi, siku niliyojitahidi nilifika km 20. Sasa kuna kundi limenialika Jumamosi, wanashika njia ya Singida km 20 halafu wanageuza. Naogopa kuachwa, naogopa kuwaangusha wenzangu, na zile bukta za kubana mtaani kwetu wataniongelea mpaka Pasaka. Niende kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu, nenda. Ila kwanza nikuambie kitu ambacho mimi hakuna aliyeniambia. Njia ya Singida ukitoka mjini unaelekea magharibi, na upepo wetu Dodoma siku nyingi unatoka mashariki au kusini mashariki, yaani ukienda unasukumwa mgongoni wala husikii kama kuna upepo, unaona leo miguu imekubali, unaanza hata kuwapita wenye miaka yao barabarani. Mi nilifanya hivyohivyo, nikafika Nala natabasamu, nikawaambia wenzangu tuongeze kidogo. Tulivyogeuza ndo nikaelewa. Jua limeshapanda, upepo umechachamaa, unakuja usoni na vumbi lake, wenzangu wakapotea mbele mmoja mmoja nikabaki mimi na mibuyu, na mwisho nikarudi mjini kwenye kirikuu nimekaa na mbuzi wawili wanaopelekwa mnadani Msalato. Harufu yao ilikaa kwenye jezi wiki nzima.

Kwa hiyo km 20 za kwenda usizihesabu. Wakati wa kwenda kaa nyuma, piga stori, kula ndizi yako, ukiona unahema kiasi kwamba huwezi kumaliza sentensi basi umezidisha, punguza. Nguvu zako ni za kurudi.

Na kurudi ndo faida ya kundi inaonekana. Ukikaa nyuma ya mtu karibu karibu, yeye anapasua upepo wewe unapita kwenye kivuli chake, unaokoa robo mpaka theluthi hivi ya nguvu, sio mchezo. Kigali Septemba 2025, mashindano ya dunia ya barabara yalipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza, hata wale wakali walijificha nyuma ya migongo ya wenzao kabla ya kuchomoka, sembuse wewe uliyetoka kukesha wodini. Kwa siku ya kwanza acha kama mita moja kati ya tairi lako na la mwenzako, usijikaze kumbana. Usiangalie tairi lake, ukilikodolea macho utalifuata mpaka uligonge, angalia mabega yake na barabara iliyo mbele yake. Na tairi lako la mbele lisiwe sambamba na tairi lake la nyuma hata kidogo, akikwepa shimo yakagusana yeye anaendelea na safari, wewe ndo unakwenda chini, pamoja na wote walio nyuma yako.

Hapo kwenye kuwaangusha wenzako, tatizo sio spidi yako ndogo. Wanaoangusha watu ni wale wa kushtukiza: anakanyaga breki ghafla, anayumba akitafuta chupa ya maji, anasimama kwenye pedeli ghafla na baiskeli inarudi nyuma kidogo wakati wa nyuma yake hajajiandaa. Ukitaka kupunguza acha kupiga pedeli, inatosha mara nyingi. Ukisikia "tuta!" au "shimo!" au "gari nyuma!" nawe irudie kwa sauti ili wa nyuma asikie. Malori ya njia ile ni marefu, likikupita upepo wake unakusukuma halafu unakuvuta, shika hendo vizuri bila kukakamaa na ubaki kushoto.

Zamu ikifika ukajikuta mbele, makosa ya kila mgeni ni kuongeza spidi ili aonekane. Usiongeze. Kaa spidi ileile, dakika moja tu, chungulia nyuma kama kuna gari kisha jisogeze pembeni wapite urudi mkiani. Ukichoka sema mapema, usingoje mpaka mita 200 zimekuacha.

Maji chupa mbili. Hewa yetu ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, unadhani hutoki jasho kumbe ndo unaisha. Tyubu za akiba mbili pia kwa sababu pembeni mwa lami mbigili zimejaa, na angalia valvu, hizi za resi nyingi zina valvu nyembamba na pampu ya fundi wa njiani haiingii, nunua kale kakichwa ka shaba ka kugeuzia ukaweke kwenye mfuko wa siti. Helmeti bila mjadala, wewe nesi unajua kuliko mimi.

Bukta: vaa, ile sponji ndo itakusaidia Jumapili uweze kukaa, na haivaliwi na chupi ndani, mishono inachubua. Juu yake tupia kaptula pana au sketi fupi ya michezo isiyoingia kwenye cheni. Mtaani wakiongea watakuwa wanaongea umeshafika Nala.

SWALI: Fundi habari, niko Kondoa, nina Phoenix ya mzee wangu, ile ya breki za vyuma. Naweza kutoka na watu wa resi?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Unaweza, ila waulize kwanza spidi yao, maana gia moja na uzito ule kwenye mwinuko utawaona migongo tu. Breki za vyuma zinachelewa kushika, kwa hiyo kaa mkiani kabisa na uache nafasi ya baiskeli mbili au tatu. Halafu kaza nati za tairi la nyuma kabla hujatoka, Phoenix za wazee huwa zina tabia ya kulegea hapo.