Maswali ya Wasomaji: Saa za Berlin, Kura 4,096 na Tochi Isiyochaji

Barua za safari hii zimeanzia kwenye kompyuta na vifaa vya nyumbani, na karibu zote zimeishia Brussels. Tumechagua tano.

Nafanya kazi Mombasa na wenzangu wako Berlin. Mkutano wetu wa kila siku ulikuwa saa sita mchana kwa saa zetu, na programu ya vikumbusho tumeiandika wenyewe. Jumatatu moja mwishoni mwa Machi niliingia kwa wakati, nikakuta watu wanaagana. Na hawa Wazungu si walisema wanaacha kuchezea saa? (Msomaji, Kisauni)

Walisema, ila hawajaacha. Mwaka 2018 Tume ya Ulaya iliwauliza wananchi kupitia intaneti, yakaja majibu milioni 4.6, asilimia 84 wakitaka saa zisiguswe tena. Takriban milioni 3 kati ya hayo yalitoka Ujerumani peke yake, kwa hiyo tusiseme Ulaya nzima ilipiga kelele. Machi 26, 2019 Bunge la Ulaya lilipitisha kwa kura 410 dhidi ya 192 kwamba mwisho uwe 2021. Lakini bunge peke yake halitoshi. Mawaziri wa nchi wanachama nao lazima wakubaliane, na hapo ndipo shauri lilipolala. Kila nchi ingechagua kubaki na saa za kiangazi au za baridi, na hakuna anayetaka kuvuka mpaka wa jirani akakuta saa nyingine. Uhispania na Poland zinatumia saa ile ile ilhali jua hutangulia sana kuchomoza Poland. Saa inayomfaa huyu inamtesa yule.

Basi kanuni ni ile ile. Jumapili ya mwisho ya Machi saa zinasogezwa mbele, Jumapili ya mwisho ya Oktoba zinarudishwa nyuma, na nchi zote za Umoja zinafanya hivyo kwa mpigo mmoja, 01:00 UTC (saa ya rejea ya dunia nzima), ambayo kwetu ni saa kumi alfajiri. Sisi hatusogei, ni UTC+3 mwaka mzima. Wakati wa baridi tunaitangulia Berlin kwa saa mbili, kiangazi kwa saa moja tu. Mkutano wa 10:00 ya Berlin kwenu unaangukia 12:00 mwezi Februari na 11:00 mwezi Aprili.

Kwa dalili ulizotaja, programu yenu imehifadhi mkutano kama 09:00 UTC. Kwa jambo lililokwisha kutokea, kama malipo au mtumiaji kuingia, UTC ndiyo sahihi. Kwa jambo lijalo lililopangwa na watu, UTC ni mtego, maana wenzako hawakupatana kukutana 09:00 UTC, walipatana saa ile saa ya ukutani ya Berlin inaposoma 10:00. Hifadhi hicho hicho walichopatana: safu moja ya tarehe na saa ya ukutani, safu ya pili ya jina la eneo, Europe/Berlin. UTC ikokotolewe pale tu kikumbusho kinapokaribia kulia. Usiandike +01:00 mahali pa jina, kwa sababu hiyo ni tofauti ya siku fulani, nusu ya mwaka si kweli.

Majina hayo yanatoka kwenye hifadhidata ya maeneo ya saa ya IANA, shirika linalotunza majina na namba za intaneti. Kwenye Linux ni kifurushi cha tzdata. Kisasishe, maana serikali hubadili mawazo. Moscow ilihamia UTC+3 Oktoba 2014, na Uturuki ikabaki na saa zake za kiangazi moja kwa moja mwaka 2016. Leo Moscow, Istanbul na Nairobi zote zinasoma saa ile ile, ila usizitumie kwa kubadilishana, kwa kuwa jana yao haikuwa moja na kesho yao haijulikani.

Angalia pia kazi ambazo kompyuta hujiendeshea zenyewe usiku. Seva ikiwekwa kwenye saa za Berlin, kazi ya 02:30 haitaipata dakika hiyo siku ya Machi, kwa kuwa saa inaruka kutoka 02:00 hadi 03:00. Oktoba dakika hiyo inapita mara mbili. Baadhi ya matoleo ya cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, hujirekebisha, mengine huruka au hurudia, na kama kazi yenyewe ni kuwatoza wateja, kurudia ni balaa. Weka seva kwenye UTC, au isogeze kazi nje ya saa hiyo. Tena usijumlishe sekunde 86,400 (saa 24) ukadhani umefika kesho wakati ule ule: siku ya Machi ina saa 23, ya Oktoba ina 25. Ijaribu programu kwa tarehe Machi 29 na Oktoba 25, 2026.

La mwisho ni la kwetu wenyewe. Kwenye ujumbe wa kazi andika 10:00 au 16:00. "Saa nne" ya Mombasa na saa nne inayosikiwa na Mjerumani aliyejifunza Kiswahili cha wiki mbili zinapishana kwa saa sita, na hakuna tzdata inayotibu hilo.

Dada yangu aliyeko Ujerumani aliniambia kuwa mwaka 2018 saa ya jiko lake ilichelewa dakika sita, wakaambiwa ni ugomvi wa Serbia na Kosovo. Siasa inacheleweshaje saa? (Msomaji, Dodoma)

Dada hakukudanganya. Saa nyingi za majiko ya umeme hazina kipima wakati chao. Huhesabu mizunguko ya umeme wa ukutani. Mizunguko 50 ikipita, sekunde moja imepita. Gridi ya bara la Ulaya imeunganishwa kutoka Ureno hadi Uturuki na inapiga mdundo mmoja wa hezi 50. Matumizi yakizidi uzalishaji, mitambo inalemewa na mdundo unapoa. Kuanzia katikati ya Januari 2018 Kosovo ilitumia umeme mwingi kuliko iliouzalisha, na Serbia, iliyokuwa na wajibu wa kusawazisha eneo hilo, haikufidia. Nani amfidie nani ndilo lilikuwa swali la kisiasa. Hadi mwanzoni mwa Machi pengo lilifika gigawati-saa (GWh) 113 na wastani ukashuka hadi hezi 49.996.

Piga hesabu: 0.004 gawanya kwa 50, zidisha kwa sekunde 86,400. Unapata sekunde 6.9 kwa siku. Kwa siku 52 ni dakika sita kasoro nusu sekunde. Simu hazikuchelewa kwa sababu huletewa saa na mtandao. Baadaye gridi iliendeshwa juu kidogo ya hezi 50 ili kulipa deni, na aliyekuwa ameisahihisha saa ya jiko kwa mkono akajikuta ametangulia.

Tunauza vikapu vya Iringa kwa wateja wa Ujerumani kupitia tovuti yetu ndogo, bei kwa yuro. Ni lazima tuweke lile bango la vidakuzi? (Wasomaji, Iringa)

Si lazima, mkiondoa vidakuzi vya kufuatilia watu. Kidakuzi ni faili dogo ambalo tovuti huliacha kwenye kivinjari cha mgeni. Kidakuzi cha kapu la manunuzi na cha kumkumbuka mteja aliyeingia havihitaji ruhusa. Mkishikilia kifuatiliaji cha matangazo, basi kukataa kuwe rahisi kama kukubali, na kisanduku kisitiwe tiki kabla mgeni hajagusa. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililikataa hilo Oktoba 1, 2019.

GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa taarifa binafsi iliyoanza kutumika Mei 25, 2018, inawagusa hata mkiwa Iringa kwa kuwa mnawalenga wateja walioko Ulaya. Mteja akiomba kuona au kufutiwa taarifa zake mna mwezi mmoja wa kumjibu. Tazameni na fonti: Januari 2022 mahakama moja ya Munich ilimwamuru mwenye tovuti alipe yuro 100 kwa kupakia fonti kutoka seva za Google, maana anwani ya IP ya mgeni ilisafiri bila ridhaa yake. Pakueni faili za fonti, mziweke kwenye seva yenu, kazi ya dakika kumi. Na Tanzania ina Sheria yake ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo usafi huu si kwa ajili ya Wajerumani tu.

Mwalimu wetu wa kompyuta anasema mwale kutoka angani uliwahi kumpa mgombea wa Ubelgiji kura elfu nne. Naona ni hadithi ya kijiweni. (Mwanafunzi, Bujumbura)

Kura hizo zilitokea kweli. Mwale ni dhana, ingawa dhana nzuri.

Ilikuwa Mei 18, 2003, uchaguzi wa bunge la shirikisho, manispaa ya Schaerbeek mjini Brussels. Mgombea mmoja alionekana kuwa na kura za jina lake nyingi kuliko ilivyowezekana. Upigaji ulikuwa wa kadi za sumaku, kwa hiyo kadi zilisomwa upya, na ziada ikawa kura 4,096 barabara. Kwa mpita njia 4,096 ni namba kama nyingine. Anayeandika programu anashtuka, maana ni 2 kwa kipeo cha 12.

Kompyuta huandika namba kwa biti, yaani tarakimu za 0 na 1 tu, kila biti ikiwa na thamani mara mbili ya iliyo kulia kwake: 1, 2, 4, 8, hadi ya 13 yenye thamani 4,096. Chukua kura 500, ambazo kwa biti 13 ni 0000111110100. Geuza ile sifuri ya kwanza kushoto tu, iwe 1000111110100. Sasa zinasomeka kura 4,596. Hakuna kilichoguswa kingine. Mwizi wa kura hatuoni kwa nini angechagua kiasi kama hicho.

Wataalamu walioichunguza programu hawakupata kosa ndani yake, wakabaki na maelezo ya biti moja kugeuka yenyewe kwenye kumbukumbu. Hilo huweza kutokea. Biti ya kumbukumbu ni chaji ndogo mno ya umeme, na miale ya kosmiki ikigonga hewa huzalisha nyutroni, na nyutroni ikigonga silikoni huweza kuivuruga chaji hiyo. Ila nyutroni haiachi alama ya kidole, ndiyo maana ya Schaerbeek haikuthibitishwa.

Kinga yake ipo sokoni: kumbukumbu za ECC, ambazo kwa kila biti 64 za data huongeza 8 za ukaguzi, hurekebisha biti moja iliyogeuka na kupiga yowe zikigeuka mbili. Seva huwa nazo, kompyuta nyingi za mezani hazina. Ukiandika programu ya kuhesabu kura za chama cha wanafunzi, weka ukaguzi mwepesi: kura za wagombea wote pamoja na zilizoharibika zilingane na idadi ya karatasi, na matokeo yasihifadhiwe kama jumla tu, bali kila kura ibaki kando ili uweze kuhesabu tena. Ubelgiji iliokolewa na kadi zilizobaki.

Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilikwenda mbali zaidi. Machi 3, 2009 iliamua kwamba mashine zilizotumika katika uchaguzi wa 2005 zilikwenda kinyume cha katiba, kwa sababu raia lazima aweze kukagua hatua kuu za hesabu bila utaalamu wa pekee. Estonia imechagua njia nyingine: inapiga kura kwa intaneti tangu 2005, na katika uchaguzi wa bunge wa 2023 zaidi ya nusu ya kura zilikuja hivyo. Sisi tuko na Wajerumani. Hisabati ya Waestonia ni safi, lakini mwenye kuweza kuikagua ni mmoja kati ya maelfu. Karatasi anaihesabu yeyote aliyepita darasa la tatu.

Nimeletewa tochi kutoka Uholanzi, ina tundu la USB-C. Kwa waya wa zamani wenye kichwa bapa inachaji, kwa chaja mpya ya simu yenye C pande zote mbili haichaji kabisa. Ulaya si walilazimisha chaja moja? (Msomaji, Unguja)

Sheria hiyo ilianza Desemba 28, 2024 kwa simu, tableti, kamera, spika za kubeba, vifaa vya kusikilizia, kibodi na vinginevyo vilivyoorodheshwa, na Aprili 28, 2026 kwa kompyuta za mapajani. Tochi haimo kwenye orodha, na ndiyo pengo wanalopenyea watengenezaji wa bei poa.

Chaja ya zamani hutoa voti 5 wakati wote, kuwe na kifaa au kusiwe. Chaja ya C haitoi kitu mpaka itambue kuna mlaji upande wa pili, na utambulisho huo ni rezista (kijisehemu cha kupunguza mkondo wa umeme) ya kilo-omu 5.1 kutoka pini ya utambulisho, CC, hadi hasi. Tochi yako haina rezista hizo, nazo ni vitu vya senti chache. Chaja ni nzima, inangoja tu salamu isiyokuja.

Dawa rahisi ni kubaki na waya wa kichwa bapa. Ukitaka kuitibu, mpe fundi anayeweza kulehemu vitu vidogo. Tundu lina pini mbili za CC, A5 na B5. Aweke rezista mbili, moja kutoka pini A5 hadi hasi na nyingine kutoka B5 hadi hasi, kwani kichwa cha C huingia kwa upande wowote. Asiunganishe A5 na B5 kwenye rezista moja ili kuokoa nafasi. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 ya mwaka 2019 ilitoka na kosa hilo hilo: ikapata umeme kwa nyaya za kawaida, lakini kwa nyaya zenye chipu ya utambulisho chaja ilidhani imechomekewa kifaa cha kusikilizia sauti, ikakataa kutoa umeme.