Nafasi ya utafiti baada ya uzamivu: usisubiri tangazo

Ndugu, umeuliza kama, baada ya kumaliza uzamivu wako kuhusu vimelea vya malaria, usubiri tangazo la chuo kikuu cha Ulaya au umwandikie profesa moja kwa moja. Mwandikie. Nafasi inayotangazwa mara nyingi hulipwa kwa fedha za mradi ambao mkuu wa maabara ameshaupangia kazi, ilhali ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya hukuruhusu kuja na wazo lako mwenyewe, ilmradi umepata mwenyeji aliyekubali kukupokea. Soma vizuri sharti la kuhama: katika miezi 36 kabla ya siku ya mwisho ya maombi, usiwe umeishi au kufanya kazi kwa zaidi ya miezi 12 katika nchi ya mwenyeji.

Barua iwe fupi. Badala ya kusifu, taja mchoro mmoja katika makala yao na ueleze jaribio ambalo ungelifanya baada ya hapo. Mimi niliwahi kutuma barua ileile kwa maabara 12, na katika mojawapo nikasahau kubadilisha jina la profesa. Sikujibiwa, wala sikumlaumu. Mwenzako wa fizikia, akitafuta makala ya kutaja katika barua yake, aanzie tovuti ya arXiv, ambako rasimu za makala huwekwa kabla ya kufika kwenye majarida.