Kura ya maoni ikishapigwa, nani ana ruhusa ya kuigeuza?

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Tukuyu, nafundisha Uraia. Juzi ofisi ya walimu tumebishana mpaka kengele imelia mara mbili hatujaenda darasani. Mwenzangu anasema Waingereza walipiga kura wakaamua kutoka Umoja wa Ulaya, alafu wale walioshindwa wakataka irudiwe, na hiyo ni kuwadharau wananchi, kura ikishapigwa imepigwa. Mi nikasema kama watu walidanganywa basi ifutwe. Sasa kisheria matokeo ya kura ya maoni ya taifa zima yanaweza kutenguliwa? Na nani? Na hapa kwetu ingekuwaje kama ile kura ya Katiba Inayopendekezwa ingefanyika?

JIBU: Marahaba mwalimu, na msalimie huyo mwenzako, maana mmegusa kitu ambacho mi nakifikiria sana. Naona shida yenu mnatumia neno moja, kutengua, kwa mambo matatu ambayo hayafanani. Mahakama kufuta kura kwasababu ilivurugwa ni jambo moja. Serikali au bunge kuyaweka matokeo pembeni ni jambo lingine kabisa. Na kuwarudia wananchi walewale ukawauliza upya ni jambo la tatu. Msimamo wangu nakupa mapema usije ukautafuta: aliyeamua ni mwananchi, kwahiyo wa kugeuza ni mwananchi, na mahakama kazi yake ni kuangalia kama kweli aliulizwa vizuri.

Tuanze na hao Waingereza. Tarehe 23 Juni 2016 kura milioni 17.4 zilisema tutoke, milioni 16.1 zikasema tubaki, yaani asilimia 51.9 kwa 48.1. Sasa ile sheria yao ya 2015 iliyoitisha kura haikuandika popote kwamba serikali italazimika kufuata matokeo, ilisema kura ipigwe, swali liwe hili, ikaishia hapo. Linganisha na kura yao nyingine ya Mei 2011 kuhusu kubadili mfumo wa kuchagua wabunge, hiyo sheria yake ilikuwa na kifungu kinachomlazimisha waziri auanzishe mfumo mpya kama wananchi watasema ndiyo (walisema hapana, karibu asilimia 68). Nchi ileile, miaka mitano tu katikati, kura moja ilikuwa na nguvu ya sheria na nyingine ilikuwa ushauri. Kwahiyo wakili akiulizwa swali kama lako haanzi na nani kapata ngapi, anaanza kwa kuomba nakala ya sheria iliyoitisha hiyo kura.

Mfanyabiashara mmoja wa huko, Gina Miller, alipofungua kesi watu wengi walisikia kwamba mahakama inataka kutengua kura. Haikutengua chochote. Januari 2017 Mahakama yao ya Juu, majaji 8 kwa 3, ilisema serikali haiwezi kuanza mchakato wa kujitoa peke yake, lazima bunge lipitishe sheria, na bunge likapitisha. Alafu Desemba 2018 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba Uingereza ikitaka inaweza kuiondoa barua yake ya kujitoa bila kuomba ruhusa ya nchi zingine. Yaani kisheria kurudi nyuma kuliwezekana. Machi 2019 watu zaidi ya milioni 6 wakasaini ombi kwamba barua iondolewe, haikuondolewa, Desemba mwaka huohuo wakaenda uchaguzi mkuu na chama kilichoahidi kutoka kikapata viti 365, na tarehe 31 Januari 2020 wakatoka kweli.

Mwenzako hapo atafurahi. Ila muulize kitu kimoja: mwaka 1975 Waingereza waliulizwa kama wabaki kwenye jumuiya ya Ulaya ya wakati ule na asilimia 67 wakasema tubaki. Kama kura ikishapigwa imepigwa basi, hiyo ya 2016 ilipata wapi ruhusa ya kuitishwa? Watu wa 1975 walijibu kwa hali ya 1975, wengine washafariki, na aliyezaliwa 1980 hakuulizwa. Hakuna kizazi kinachoweza kumfunga mdomo mjukuu wake, na mimi hapo siyumbi hata kidogo.

Sasa wewe na hoja yako ya uongo. Ni kweli kulikuwa na lile basi la kampeni lililoandikwa kwamba kila wiki wanapeleka Ulaya pauni milioni 350, na mamlaka yao ya takwimu ikasema wazi kwamba hiyo namba inapotosha. Ni kweli pia kampeni kuu ya kutoka ilipigwa faini ya pauni 61,000 mwaka 2018 kwa kuvuka kiwango cha matumizi. Lakini mwalimu, mwanasiasa kudanganya kwenye kampeni na dola yenyewe kukupa taarifa ya uongo ni vitu viwili tofauti. Mwanasiasa ana mpinzani wake wa kumjibu, gazeti lipo, redio ipo, na mpiga kura ana akili zake. Taarifa rasmi ya serikali inayokuja na kura yenyewe, hiyo mwananchi anaipokea kama kipimo.

Mfano mzuri ni Uswisi. Februari 2016 walipiga kura kuhusu kodi ya wanandoa, na serikali iliwaambia wananchi kwamba wanandoa wanaoumia kwa kodi hiyo ambao wote wawili wana kipato ni kama 80,000. Pendekezo likakataliwa kwa asilimia 50.8, pua na mdomo. Miaka miwili baadae ikaja kujulikana idadi ni 454,000. Aprili 2019 Mahakama yao Kuu ya Shirikisho ikaifuta ile kura, na ilikuwa mara ya kwanza kwenye historia ya Uswisi ya kisasa kura ya taifa kufutwa na mahakama. Angalia vitu viwili hapo: kosa lilitoka kwa serikali yenyewe, na tofauti ya kura ilikuwa ndogo kiasi kwamba namba sahihi ingeweza kugeuza jibu. Kama kingekosekana kimojawapo sidhani kama ningeitetea ile hukumu.

Mtu aliyewahi kuuza viazi huku kwetu anaelewa hili bila kusoma sheria. Mnunuzi akikupimia lumbesa, gunia lina kilemba juu mpaka limeshonewa na nyavu, ukarudi kudai vipimwe kwenye mizani, hujavunja makubaliano, kwasababu kilichokubaliwa ni gunia na kilichobebwa ni gunia na nusu. Ila ukiuza kwa mizani halali alafu wiki ijayo bei ikapanda Tunduma, huwezi kulikimbilia lori ukadai viazi vyako. Unasubiri msimu mwingine.

Na hili nimeliona kwa macho yangu. Miaka kadhaa nyuma niliitwa kijiji kimoja, sitakitaja, mkutano mkuu wa kijiji ulikuwa umekubali kumpa mtu ardhi alime parachichi. Waliitwa, wakanyoosha mikono, wengi wakakubali, muhtasari ukaandikwa kwenye kaunta buku. Tatizo watu wote niliowahoji walikumbuka wameambiwa ekari 60 na kaunta buku inasema 600. Nilikaa na lile daftari dirishani nikaligeuza geuza, sifuri ya mwisho ilikuwa na wino wa bluu uliokolea kuliko wenzake na imebanwa kwenye nafasi ambayo sifuri haikai. Kulikuwa na watu waliosema wakili achana nayo, wananchi washaamua, ukiitisha mkutano mwingine unadharau maamuzi yao. Tukaitisha. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kwetu isiyokata, watu wakaja na maturubai, wakaulizwa upya mbele ya daftari lililofunguliwa, wakapitisha 60 na kukataa 600. Mzee mmoja nilimuuliza kwanini leo kakataa wakati mara ya kwanza alinyoosha mkono, akanijibu yeye hajageuka, mara ya kwanza aliulizwa ya sitini.

Tuje kwenye kuuliza upya, maana hapa ndo pana utata zaidi na sitaki kukupa jibu rahisi. Ireland wamefanya mara nyingi. Mwaka 2001 waliukataa Mkataba wa Nice, mkataba wa Umoja wa Ulaya, kwa karibu asilimia 54, mwaka uliofuata wakaulizwa tena wakakubali kwa karibu 63. Mwaka 2008 wakaukataa Mkataba wa Lisbon, nao wa Umoja wa Ulaya, kwa asilimia 53, 2009 wakakubali kwa 67. Kuna watu mpaka leo wanasema Waireland walikuwa wanaulizwa mpaka wajibu kinachotakiwa na wakubwa, na mi siwalaumu wanaosema hivyo kwasababu hakuna aliyewahi kurudia kura eti wananchi wamesema ndiyo haraka sana. Lakini ukichimba unakuta ile ya kwanza ya Nice ilipigwa na theluthi moja tu ya wapiga kura na ya pili karibu nusu, na kabla ya kura ya pili ya Lisbon walihakikishiwa kwa maandishi mambo waliyoyaogopa, ikiwemo kubaki na kamishna wao kwenye Tume ya Ulaya na msimamo wao wa kutofungamana kijeshi. Yaani hawakurudishiwa kitu kilekile. Na angalia ile ya talaka, mwaka 1986 walikataa kuiruhusu kwa zaidi ya asilimia 63, ikapita miaka tisa, 1995 ikaruhusiwa kwa tofauti ya kura 9,114 nchi nzima. Hapo katikati watu waliishi na jibu la kwanza. Hivyo ndo inavyotakiwa, matokeo yaheshimiwe kwanza, yafanyiwe kazi, na hali ikibadilika waulizwe tena hadharani.

Kinachonikera ni ile njia ya pili niliyoitaja mwanzoni, serikali au bunge kuyaweka matokeo pembeni kwa kupitia dirishani. Mwaka 2005 Wafaransa waliikataa Katiba ya Ulaya kwa karibu asilimia 55 na Waholanzi kwa zaidi ya 61, alafu mambo mengi yaliyokuwemo yakarudi kwenye ule Mkataba wa Lisbon na safari hii yakapitishwa na mabunge yao bila kuwauliza wananchi. Kisheria walikuwa sawa. Mi nasema ilikuwa makosa, kwasababu ukishamwambia mwananchi wewe ndo mwamuzi, alafu akaamua usichopenda ukamzunguka, ile kura inayofuata atakuja na hasira au hatakuja kabisa. Ugiriki nao Julai 2015 asilimia 61 walikataa masharti ya wakopeshaji na siku chache baadae serikali yao ikasaini masharti magumu.

Sasa nyumbani. Na hapa kuna kitu kinachoisumbua hoja yangu na sitakuficha. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi nzima kukusanya maoni, na karibu asilimia 80 walitaka tuendelee na chama kimoja, asilimia 20 hivi ndo walitaka vyama vingi. Mwaka 1992 tukaingia vyama vingi. Haikuwa kura ya maoni, lakini wengi walisema A tukafanya B, na mi naamini ilikuwa sahihi. Kwanini? Kwasababu wale 80 hawakunyang'anywa kitu, aliyependa chama chake aliendelea kukipigia kura, ila kama wangefuatwa wale 20 wangekosa haki ya kukusanyika kabisa. Wengi wanaweza kuamua barabara ipite wapi, hawawezi kuamua wachache wasiwe na sauti ya kuwauliza tena kesho.

Kuhusu Katiba Inayopendekezwa, Bunge Maalum liliipitisha Oktoba 2014 na kura ikapangwa tarehe 30 Aprili 2015. Uandikishaji wa wapiga kura kwa mashine za BVR, zile za kuchukua alama za vidole, ulianzia hapahapa kwetu, Makambako mkoani Njombe, mwezi Februari 2015, ukaenda taratibu, na mwanzoni mwa Aprili Tume ya Uchaguzi ikatangaza kuahirisha. Mpaka leo haijapigwa. Kama ingepigwa, ilitakiwa ipate zaidi ya nusu ya kura upande wa Bara na zaidi ya nusu upande wa Zanzibar, kila upande peke yake, kwahiyo Bara wangesema ndiyo kwa asilimia 90 na Zanzibar 49, imekwama. Wanafunzi wako wafanyishe hilo hesabu ubaoni wataelewa muungano vizuri.

Na baada ya hapo Bunge lingeweza kuibadilisha? Hii ya 1977 tuliyonayo inabadilishwa kwa ibara ya 98, theluthi mbili ya wabunge wote, na kwa mambo fulani ya muungano theluthi mbili ya wabunge wa kila upande, wananchi hawaulizwi. Zanzibar wao wako mbele yetu. Tarehe 31 Julai 2010 walipiga kura kuhusu Serikali ya Umoja wa Kitaifa, asilimia 66.4 wakakubali, alafu Katiba yao ikaongezewa ibara ya 80A inayosema baadhi ya vifungu haviwezi kubadilishwa na Baraza la Wawakilishi bila kurudi tena kwenye kura ya maoni. Waliofunga ndo wenye ufunguo. Mi ningetamani siku tukipata katiba mpya Bara na Zanzibar, kifungu cha namna hiyo kiwemo, na kiandikwe kabla ya kura, sio baada.

Nakutumia nakala ya hizo ibara mbili kwa Coaster ya jioni, mwambie mwenzako aanze na 80A alafu mkiendelea kubishana niandikieni tena.