Mkono uanzie chini ya sikio: kwa wanaoanza kusomea udaktari wa mifugo

Kila muhula mpya ukianza napata ujumbe kutoka kwa wadogo zangu walioingia mwaka wa kwanza wa udaktari wa mifugo. Malalamiko ni yaleyale: "Kaka, nimekuja kujifunza kutibu ng'ombe, mbona nashinda na mifupa na bayokemia?"

Nawaelewa. Pale SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, shahada hii ni ya miaka mitano, na ya mwanzo inaliwa na anatomia, fiziolojia, histolojia na ndugu zao. Mimi nilizipita kwa madesa. Nikakariri, nikafaulu, nikasahau.

Deni lilikuja kudaiwa kwenye boma moja la wafugaji, mwaka wangu wa kwanza kazini. Ndama jike wa miezi minne hivi, joto nyuzi 41, hanyonyi, masikio yamelala. Nikasema ni ndigana baridi, ugonjwa wa damu unaoenezwa na kupe, nikamchoma antibiotiki ya oksitetra, nikapanda pikipiki. Sikumpapasa hata kidogo. Siku ya tatu mzee akapiga simu: ndama kafa, povu jeupe limejaa puani. Nilipofika ndipo nikashika chini ya sikio. Tezi ilikuwa imevimba kama ndimu. Ndigana kali, ile ya kupe wa kahawia wa masikioni. Mzee hakunigombeza. Alisema tu, "Dokta, siku ile hukumshika."

Tezi ile niliwahi kuichora kwenye daftari la anatomia, na rangi nilitia! Ningeichoma sindano tupu, nikapaka majimaji yake kwenye kioo na kutia rangi ya Giemsa, hadubini ingenionyesha kimelea ndani ya chembe nyeupe za damu. Kile cha ndigana baridi hukaa kwenye chembe nyekundu, kinukta kidogo ukingoni. Na dawa ni tofauti: ndigana kali inataka buparvakwoni, tena mapema.

Nikamrudia mwalimu wangu wa zamani, kichwa chini. Akanieleza jambo nililowahi kulisikia darasani nikiwa nusu usingizini: kimelea hiki huzifanya chembe nyeupe zizaliane ovyo, mithili ya saratani. Halafu akanishangaza. Huko Muguga, Kenya, watafiti waliona kwamba ukimpa mnyama kimelea hai na oksitetra ya muda mrefu siku hiyohiyo, ugonjwa unapita kwa wepesi na kinga inabaki. Ndiyo chanjo ya ndigana kali mpaka leo: aina tatu za kimelea, mojawapo ikibeba jina la Serengeti, zinahifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika. Dawa ileile niliyomchoma ndama! Ikienda sambamba na kimelea inakidhibiti. Ikija homa ikiwa imeshapanda, imechelewa.

Kwa hiyo, mdogo wangu, nenda maabara hata saa ambayo huna kipindi. Omba kuosha vioo. Mtu wa kujenga naye urafiki ni fundi sanifu, maana yeye ndiye anayejua kwa nini rangi yako imetoka na uchafu. Chora unachokiona, picha ya simu haikulazimishi kutazama. Na usidhani utafiti ni ng'ombe tu: hapohapo SUA kuna panya buku wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, na bila fiziolojia ya pua huwezi kuelewa wanafanyaje. Ukifika kwenye mradi wa mwaka wa mwisho, usichukue mada kwa sababu ni rahisi kuandika. Chukua swali lililowahi kukunyima usingizi.

Siku hizi kwenye boksi la pikipiki nina vioo, methanoli na kichupa cha Giemsa. Kabla sijafungua dawa yoyote, mkono unaanzia chini ya sikio, unashuka mbele ya bega, unamalizia kwenye mkunjo wa paja, pande zote mbili.