Shokapu za Forester ya kila siku

Kwa Subaru Forester ya kwendea kazini, weka shokapu za gesi za kawaida, kama KYB Excel-G, ubaki na springi za kimo cha kiwandani badala ya zile za kushushia gari. Springi fupi hupunguza nafasi ya shokapu kujikunja, hivyo kila tuta huifikisha mwisho na huanza kuvuja mafuta mapema; ndiyo maana kampuni ya Bilstein hutengeneza shokapu ya B6 kwa kimo cha kawaida, na B8, iliyofupishwa, kwa gari lililoshushwa. Kagua kwanza bushi (mipira ya viungo) na mauntingi (vishikizo vya shokapu). Ila baadhi ya Forester za zamani zina shokapu za nyuma zinazojisawazisha zenyewe, na ukiziondoa hizo huna budi kubadilisha springi zake pia, la sivyo gari litakalia matako.